Neno la Kiingereza unalolijua tayari ndilo linalokuangusha (kwa wazazi, walimu na wanaoingia kidato cha kwanza)

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Fizikia na Hisabati katika sekondari ya serikali, huu ni mwaka wa 14. Kila matokeo ya kidato cha pili yanapotoka nasikia lawama ileile, kwamba watoto hawajui Kiingereza. Ni kweli, lakini ukilisema hivyo tu hujamsaidia mtu. Naomba nieleze ninachokiona kwenye madaftari. Uzi ni mrefu, aliye na haraka auhifadhi asome baadaye.

Mwaka juzi nilikuwa nasahihisha zoezi la kidato cha pili. Swali lenyewe jepesi: fimbo ina egemeo, nguvu ya nyutoni 20 inakandamiza chini umbali wa mita 3 kutoka kwenye egemeo, "calculate the moment of the force", yaani tafuta uwezo wa nguvu hiyo kuizungusha fimbo kwenye egemeo. Unazidisha 20 kwa 3, unapata 60, umemaliza. Kuna binti mmoja alitoka shule ya msingi ya kijijini, na kwenye hesabu za kichwa huwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliandika vipimo vyote vizuri, akachora fimbo kwa rula, akaweka mshale wa kwenda chini, kisha akaandika "t = ?". Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe mpaka chini.

Nikamwita. Nikamuuliza, hii t umeitoa wapi? Akanijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wameuliza muda, lakini hawajatupa mwendokasi."

Wakuu, jibu lile lilinikaa moyoni wiki nzima. Yule mtoto Kiingereza chake kilikuwa sahihi. "Moment" ni kitambo kidogo cha muda, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo kamusi yake ndogo inavyosema. "Wait a moment", subiri kidogo. Alilijua neno, na kwa kuwa alilijua hakuona sababu ya kuuliza. Swali lingesema "torque", jina lingine la "moment" hiyo ya Fizikia, angenyoosha mkono palepale, maana hilo hajawahi kuliona. Neno geni humfanya mtoto asimame. Neno analolijua humfanya apite kwa kujiamini, na huko mbele ndiko anakoanguka.

Nikaamua kulifuatilia neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, "momentum", kutoka kwenye kitenzi cha kusogea. Warumi walilitumia pia kwa kile kitu kidogo kinachotosha kuinamisha mizani. Aliyekulia enzi za mizani ya mikono miwili atanielewa upesi: muuza duka anamimina sukari, mkono bado uko juu, anadondosha punje chache za mwisho, mkono unashuka. Punje zile ndizo momentum. Kwa udogo wao, neno likaja kuwa kitambo kidogo. Kwa uwezo wao wa kuinamisha, likaja kuwa lile la Fizikia. Na Mwingereza akisema jambo fulani ni "of great moment" anasema ni jambo zito, la kuinamisha mizani. Maana zote tatu zimetoka dukani kwa yule muuza sukari.

Kesho yake nikaingia darasani na rula, uzi na pakiti mbili za chumvi. Nikaining'iniza rula kwa uzi katikati, pakiti moja huku, nyingine kule, rula ikalala sawa. Kisha nikasogeza pakiti moja kuelekea nje, kama upana wa vidole viwili. Rula ikainama. Nikawauliza, chumvi imeongezeka? Hapana. Sasa kilichoongezeka ni nini? Yule binti akasema, "Umbali." Hapo ndipo nilipoandika "moment" ubaoni, na hakuna aliyetafuta sekunde tena.

Naendelea hapa chini, msiniwekee maoni kwanza.

Mleta uzi (inaendelea)

Mnajua utaratibu wetu. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa lugha anayoiota usingizini, Januari anakuta kila kitu kimegeuka. Mfuate siku moja tu.

Kipindi cha kwanza Hisabati: "find the solution". Anatafuta x. Kipindi cha tatu Kemia: "prepare a solution". Mwalimu ameshika chupa ya maji ya chumvi. Mchana Uraia: "suggest a solution to poverty". Sisi tuna maneno matatu hapo, jawabu, myeyusho na suluhisho, na hakuna anayeyachanganya. Kiingereza kina moja, kwa sababu limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kulegeza na kufungua. Chumvi inalegea ndani ya maji, hesabu inafunguka. Ukifikiri, nasi tunafanya hivyo tunaposema ufumbuzi: kilichofumbwa kinafumbuliwa. Mtoto akionyeshwa picha hiyo anatulia. Akiachwa na "solution = jawabu" kwenye jalada la daftari, ile chupa ya chumvi itamtesa hadi mtihani.

Kuna aina ya pili inayohitaji tahadhari nyingine, maana hapo hakuna picha moja ya kutafuta. Ni maneno mawili au matatu yasiyo na undugu ambayo yamekutana kwenye tahajia tu. "Mass" ya Fizikia, yaani tungamo, ina asili ya donge la unga uliokandwa. "Mass" ya Jumapili asubuhi inatokana na neno la Kilatini lililotupa sisi misa. "Mean" ndiyo mbaya zaidi. "Mean" ya kumaanisha ni Kiingereza cha kale. "Mean" ya mtu mchoyo imetokana na neno la kale lililokuwa na maana ya kitu cha kawaida, cha wote, kikazidi kushuka hadhi hadi kikawa kibaya. "Mean" ya Hisabati, wastani, imepitia Kifaransa na maana yake ya asili ni katikati. Nimewahi kuona mtoto ameandika chini ya namba 4, 7 na 10, "they mean 21". Alijumlisha. Aliona swali linauliza namba hizi zina maana gani zikiwa pamoja, na kwa neno alilolijua ile ilikuwa akili kabisa.

Na lipo moja ninalolipenda kulifundisha ingawa si somo langu, "revolution". Kwenye Jiografia dunia hufanya "revolution" moja kulizunguka jua kwa siku 365 na robo. Kwenye Historia mtoto huyohuyo anasoma Zanzibar Revolution ya 12 Januari 1964. Ukiona kwenye insha "the revolution of the earth" imeelezwa kama wananchi kuchoka na uongozi, usicheke. Neno lilianza angani. Mnajimu Copernicus, mchunguzi wa nyota, mwaka 1543 alilitia kwenye jina la kitabu chake kuhusu mizunguko ya magimba ya angani, na maana ya siasa ikashamiri karne iliyofuata. Na angalia Kiswahili kilivyokwenda njia jirani: mapinduzi ni kupindua, cha juu kuwa chini. Lugha mbili tofauti, zote zikatazama serikali iliyoanguka zikaona kitu kilichogeuzwa.

Haya, karibuni.

Mchangiaji wa 2

Mwalimu uzi mzuri, lakini hata Kiswahili kina kaa, paa, ua, mbuzi. Mbona hatufeli Kiswahili kwa sababu hiyo?

Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu, na jibu lake ndilo kiini cha tatizo.

Kiswahili kinakuwekea walinzi mlangoni. Kaa huyu anatembea upande, kaa hili linawaka. Paa huyu anakimbia, paa hili linavuja. Ua hili linanukia, ua huu umezunguka nyumba. Mbuzi huyu anakula majani, mbuzi hii inakunia nazi. Ngeli inakwambia kabla hujafikiri. Mtoto wa miaka minne hajakosea hapo, kwa sababu sentensi nzima inapiga kelele kwamba huyu ni mnyama.

Kiingereza hakina walinzi hao. "The" ni ileile kwa mnyama, paa na ua. Maana inalindwa na majirani wa neno, yaani lile linalotangulia, lile linalofuata na somo linalozungumzwa. Mtoto wetu ameleta mazoea ya nyumbani: anasubiri neno lenyewe lijieleze, nalo halijielezi.

Na kwenye vitenzi ndiko kuna balaa. Sisi tukitaka maana mpya tunanyoosha kitenzi: weka, wekea, wekeza, wekeana. Wao wanaacha kitenzi kilivyo, wanakipachikia kijineno pembeni. "Set up" ni kuanzisha, "set off" ni kuondoka, "set aside" ni kutenga, na mvua ikisemwa "has set in" imeanza na haionyeshi dalili ya kuacha. Ndiyo maana kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, neno "set" lilikuwa na maana zaidi ya 400 na maelezo marefu kuliko neno lingine lolote humo. Sasa limepitwa na "run". Mhariri Peter Gilliver alikaa na "run" miezi tisa, akafikia maana 645 za kitenzi peke yake. Unaweza "run" shule, ukawa unaiendesha. Sukari ikiisha ume-"run out". Mtoto ana homa, "he is running a temperature", na pua yake nayo "is running". Hakuna mguu uliokimbia hapo.

Mchangiaji wa 4

Naongezea kutoka wodini. Mimi ni muuguzi. "Positive" na "negative" vinatutesa. Mama mmoja aliambiwa kipimo cha mtoto wake ni "negative", akakaa chini akaanza kulia, anajua "negative" ni kibaya. Nilipomwambia ugonjwa haujaonekana alinishika mikono yote miwili hakuniachia. Tangu siku hiyo huwa nasema "ugonjwa umeonekana" au "haujaonekana", basi.

Mleta uzi

Ubarikiwe dada. Hilo nalichukua kama lilivyo. "Positive" ya kipimo inasema tu kwamba kilichotafutwa kipo. Haisemi kama kuwepo kwake ni heri au shari. Mgonjwa hapaswi kufaulu somo la Kiingereza ndipo ajue hali ya mwanawe.

Mchangiaji wa 5

Siku hizi kuna programu za kutafsiri kwenye simu. Mtoto anaandika neno anapata maana. Tunajipa kazi bure.

Mleta uzi

Mkuu sizikatai, mimi mwenyewe nazitumia. Lakini angalia mtoto anavyozitumia. Anaandika neno moja, "moment", inampa "wakati", anafunga simu. Programu haikukosea, aliinyima majirani.

Hili liliwasumbua wataalamu tangu mwanzo wa tafsiri za kompyuta. Mwaka 1960 mtafiti wa lugha Yehoshua Bar-Hillel alitoa mfano ambao bado unatajwa. Mtoto alikuwa anatafuta sanduku lake la vitu vya kuchezea, akalipata: "the box was in the pen". Kalamu haiwezi kubeba sanduku. "Pen" hapa ni kile kizimba wanachowekwa watoto wadogo wacheze bila kutoroka. Mwanadamu anajua kwa sababu amewahi kuona sanduku na amewahi kushika kalamu. Bar-Hillel akasema mashine haitaweza kutafsiri yenyewe kwa ubora kamili, maana haina ujuzi huo wa dunia. Programu za sasa zimefika mbali kuliko alivyotarajia, lakini zimefika kwa kuangalia maneno mengi ya jirani kwa pamoja. Kwa hiyo ushauri wangu: mtoto aandike sentensi nzima, tena ikiwezekana na ile iliyotangulia. Neno peke yake asiliandike kabisa.

Mchangiaji wa 7

Wenye lugha yao wanaelewana bila shida, tatizo ni sisi.

Mleta uzi

Hapa sikubali, mkuu wangu. Wanaanguka, tena vibaya.

Desemba 1941 Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, na wakuu wake wa jeshi walikuwa Washington kupanga vita na Wamarekani. Churchill amesimulia kwamba Waingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakasema wanataka ku-"table". Kwa Mwingereza maana yake ni kuuweka mezani ujadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuuweka kando usahauliwe. Wakabishana muda mrefu, kwa hasira, kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zinataka kitu kilekile. Lugha moja, neno la meza, ambalo kila mmoja wao alilijua tangu utotoni.

Lingine ni la kuku. Mwaka 1957 kampuni ya Uswisi ilinunua kuku waliogandishwa kutoka kwa muuzaji wa New York. Mkataba ulisema "chicken", na uzito na bei vikatajwa. Mzigo ulipofika, kuku wa saizi kubwa walikuwa wazee, wale wa kuchemsha saa nyingi. Mnunuzi akasema "chicken" ni kuku mchanga wa kuchoma au kukaanga. Muuzaji akasema "chicken" ni kuku yeyote ilimradi ametimiza masharti ya mkataba. Wakaenda mahakamani. Jaji Henry Friendly, katika hukumu ya 1960, alianza kwa kuuliza swali moja: "chicken" ni nini? Akapitia kamusi, kanuni za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ushahidi wa wafanyabiashara wa kuku, hata bei ya soko. Mwisho akaona mnunuzi ameshindwa kuthibitisha kwamba neno lilitumika kwa ile maana finyu, kesi ikatupwa. Fikiria mama anayenunua kuku sokoni kwetu. Anauliza: broila, kienyeji, au wale wa mayai waliokwisha kutaga? Swali moja hilo lingeokoa mawakili wote wale.

La tatu naliandika kwa uchungu. 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife huko Uhispania, ukungu mzito. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan Am, ziko kwenye njia moja ya kurukia. Rubani msaidizi wa KLM anasema redioni "we are now at take-off". Mwongoza ndege anaelewa kwamba wako mahali pa kuanzia, wanasubiri. Wao walikuwa wameshaanza kukimbia. Akajibu "OK", akaongeza kwamba wasubiri atawaita, lakini maneno hayo yakagongana redioni na ya ndege ya Pan Am, mlio tu ukasikika. Ndege hizo zikagongana, wakafa watu 583. Neno halikuwa sababu pekee, kulikuwa na ukungu, haraka na redio. Lakini baada ya pale utaratibu ukabadilishwa: "take-off" hutamkwa tu pale ndege inaporuhusiwa kuruka au ruhusa hiyo inapofutwa. Vinginevyo husemwa "departure". Yaani walilichukua neno la kawaida kabisa wakaliondolea maana zote ikabaki moja.

Marubani wenye uzoefu wa miaka mingi wamewekewa kanuni juu ya neno moja. Mtoto wa miaka 14 aliyekutana na lugha hiyo Januari tunamwambia ni mvivu.

Mchangiaji wa 9

Mwalimu, mimi ni mzazi, Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Mwanangu anaingia kidato cha kwanza. Nyumbani nifanye nini?

Mleta uzi

Mzazi mwenzangu, huhitaji Kiingereza kwa hili. Unahitaji daftari moja la kurasa 96 na kalamu.

Ile orodha ya neno, alama ya sawasawa, na tafsiri moja, mwambie aiache. Kila neno lipewe ukurasa wake. Juu aandike neno, chini yake sentensi aliyolikuta, vilevile ilivyo, na somo lilipotoka. Kisha maana ya hapo, kwa Kiswahili. Halafu, na hili ndilo ninalolisisitiza kwa wanafunzi wangu, sehemu yote iliyobaki aiache wazi. Ukurasa ule mweupe unamwambia kila anapoufungua kwamba neno hili halijamaliza. Wewe kazi yako jioni ni kumuuliza, leo ni ukurasa gani umeongezeka? Akikusomea sentensi na akaweza kukueleza kwa Kiswahili ukaelewa, amefahamu. Usipoelewa, naye bado hajaelewa, na hapo wewe ndiwe mtihani mzuri kuliko mimi.

Aanze na maneno anayodhani anayajua. "Table", maana atakutana na jedwali. "Root", atakutana na kipeo. "Interest", kwenye Biashara itakuwa riba. "Volume", ambayo kwake ni sauti ya redio. "Cell" ampe ukurasa mzima: Robert Hooke mwaka 1665 aliangalia kipande cha gome la mti kwa hadubini, akaona vijumba vitupu, akaviita kwa neno la chumba kidogo, na ndiyo maana jina moja lina mahabusu, betri na chembe hai.

Walimu wenzangu wa Biolojia, Jiografia na Biashara, naomba nasi tuone kwamba hii ni kazi yetu. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kujua kwamba wiki hii mimi nafika kwenye "moment". Dakika tatu mwanzoni mwa kipindi zinatosha kusema: neno hili mnalijua, leo lina kazi nyingine.

Mchangiaji wa 10

Yule binti aliishia wapi mwalimu?

Mleta uzi

Bado yuko shuleni, na daftari lake limeshavimba, limefungwa na mpira wa manati.

Muhula uliofuata tulifika kwenye sumaku. Nilikuwa nimeweka karatasi nyeupe juu ya sumaku, nikanyunyiza unga wa chuma, nikagonga pembeni kwa kidole, mistari ikajipanga yenyewe. Darasa likasogea. Yeye alibaki kwenye dawati lake, akafungua ule mpira, akatafuta ukurasa wa "field". Ulikuwa na sentensi tatu tayari: shamba la mahindi kutoka kwenye Kilimo, uwanja wa mpira kutoka kwenye Kiingereza, fani ya masomo kutoka kwenye tangazo la chuo. Chini palikuwa wazi. Akashika kalamu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, 'field' ya leo ni ipi?"